Dakika ya dhahabu haijifunzwi kwenye simu pekee

Mtoto ametoka, halii. Mkunga ana sekunde 60. Amkaushe, amsugue mgongo, na kama bado hapumui amwekee barakoa ndogo usoni na kuanza kumsukumia hewa kwa mfuko wa mkono. Wakufunzi wa wakunga huiita "dakika ya dhahabu", jina ambalo mtu wa Geita hahitaji kuelezwa mara mbili.

Wazazi wanapofika wodi ya wazazi huuliza kitanda, vifaa na gharama. Wachache huuliza anayewapokea alifanya mazoezi ya dakika hiyo lini mara ya mwisho.

Siku hizi sehemu kubwa ya mafunzo ya wahudumu wa afya imehamia kwenye simu, na si jambo baya. Muuguzi wa zahanati iliyo jirani na machimbo, iwe Nyarugusu au Rwamgasa, hawezi kirahisi kufunga safari ya mjini kukaa darasani wiki nzima. Akiondoka, zamu yake anaibeba nani? Leseni nayo inamtaka awe na mafunzo endelevu. Hivyo anasoma usiku watoto wakishalala, bando likiruhusu. Kwa dozi za dawa, dalili za hatari kwa mjamzito au mwongozo mpya wa chanjo, simu inatosha kabisa. Anaweza kurudia ukurasa mara tano bila mtu kumcheka.

Shida ni barakoa. Isipobana vizuri, hewa inapita pembeni ya mashavu na mapafu hayapati kitu. Kichwa kikiinamishwa kidogo tu, njia ya hewa inaziba. Video inaonyesha mkono wa mtu mwingine; wa kwako unajifunza kwa kushika, huku mwenzako akiwa pembeni kukuambia uinue kidevu.

Shinyanga na Geita zina mfano wa karibu. Ni kati ya mikoa mitano, pamoja na Mwanza, Tabora na Manyara, iliyoingizwa kwenye mpango wa Safer Births ulioongozwa na Hospitali ya Haydom katika hospitali na vituo vya afya 30. Badala ya semina moja ndefu hotelini, wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapohapo kazini, wakitumia mdoli wa mtoto mchanga na kusimamiwa na wenzao walioandaliwa kwa kazi hiyo. Teknolojia haikuachwa nje: mdoli huo huunganishwa na kifaa chenye skrini kinachomwonyesha mkunga kama hewa iliingia au la.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Kwa jumla, vifo vya watoto wakati wa uchungu na siku za mwanzo baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Huo ni wastani wa mikoa yote mitano. Hali haikufanana kila mkoa, na wa Shinyanga na Geita wasiusome kama sifa ya kwao moja kwa moja.

Kenya nayo, tangu 2005, AMREF ilipoanza kuwaendeleza wauguzi wa ngazi ya cheti kwa kompyuta, mazoezi ya wodini hayakufutwa. Na wazee wa Tanzania watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Redio ilifundisha, lakini wasikilizaji walikaa kwenye vikundi vyenye kiongozi na kitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walishiriki watu wapatao milioni mbili. Redio peke yake isingechimba shimo hata moja.

Kwa mzazi, yapo ya kufanya. Ukienda kliniki, uliza kwa upole: hapa mna mfuko na barakoa ya mtoto mchanga? Huwa mnafanya mazoezi? Ikitokea shida usiku tunapelekwa wapi, na kwa usafiri gani? Mkunga mzuri hakasiriki kuulizwa. Wanaoishi mbali na kituo wapange mapema kusogea karibu, hasa msimu wa mvua.

Na kama anayesoma ni mkeo au mumeo, usidhani anachezea simu. Mpe saa moja bila kuitwa jikoni. Akisema Jumamosi anatakiwa kituoni kwa mazoezi na mdoli, mwache aende, wewe baki na watoto. Siku hiyo ndiyo isiyoweza kufidiwa kwa bando.