Shokapu Kwanza, Kimo Baadaye: Kuchagua Koilova za Autokrosi

Koni za slalomu zikipangwa kwa umbali wa mita 20, na gari likipita kwa kilomita 60 kwa saa, dereva ana sekunde 1.2 kutoka koni moja hadi nyingine. Ndani ya muda huo gari linatakiwa liinuke kutoka ubavu liliolalia, livuke katikati, lilalie ubavu wa pili na kutulia kiasi cha matairi kushika, kisha lianze kurudi lilikotoka. Wengi wanaotaka koilova kwa ajili ya gari lao la michezo huanza na swali la kimo: litashuka sentimita ngapi? Mimi huwarudisha kwenye hiyo sekunde 1.2, kwa sababu ushindi au kushindwa katika autokrosi huamuliwa humo.

Koilova ni shokapu iliyovikwa springi, na bomba lake lina hesi kwa nje ili kiti cha springi kiweze kupandishwa au kushushwa kwa spana. Magari mengi ya leo hutoka kiwandani springi ikiwa tayari imezunguka shokapu, kwa hiyo umbo lenyewe si jipya. Unacholipia ni uhuru wa kuchagua mambo matatu kwa pamoja: ugumu wa springi, kimo cha gari, na valvu zilizomo ndani ya shokapu. Hilo la mwisho ndilo ghali, ndilo lisiloonekana kwa macho, na ndilo linaloamua.

Nitatumia Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile NA iliyozinduliwa mwaka 1989, kwa sababu ni miongoni mwa magari ambayo autokrosi ya Marekani imeyazoea sana. Huko gari hukimbia peke yake dhidi ya saa, kwenye uwanja wa maegesho au uwanja wa ndege wa zamani, njia ikiwa imechorwa kwa koni. Mzunguko mmoja huchukua takriban dakika moja, matokeo hupimwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde, na kila koni unayoigonga inakuongezea sekunde 2. Fainali za kitaifa za chama cha SCCA hufanyika Lincoln, Nebraska, juu ya zege.

Kabla ya kufungua pochi, fungua kitabu cha kanuni. Katika kundi la Street la SCCA springi na kimo lazima vibaki vya kiwandani. Unaruhusiwa kubadilisha shokapu. Ni katika Street Touring na makundi yaliyo juu yake ndipo koilova zinaporuhusiwa. Kuna watu wamefunga seti nzuri, wakajikuta wamesukumwa hadi kundi ambalo wapinzani wao wamebadilisha mambo kumi mengine. Springi haiwezi kufidia pengo hilo.

Sasa turudi kwenye kimo, maana ndipo pesa nyingi hupotelea. Chukua MX-5 yenye uzito wa kilo 1,050 pamoja na dereva, upana kati ya magurudumu mita 1.42, na tuseme kitovu cha uzito kiko mita 0.46 kutoka ardhini. Gari hilo likipiga kona kwa nguvu ya g 1, uzito unaohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje ni kilo 340. Lishushe milimita 25 nzima: zitahama kilo 322 hivi. Umeokoa kilo 18, yaani kama asilimia 5. Ni faida, sikatai. Lakini tazama ulichokitoa. MX-5 ya NA, tangu kiwandani, ina nafasi ndogo sana ya gurudumu kupanda kabla shokapu haijagusa mpira wa kikomo, na ukiishusha milimita 25 hadi 40 kwa springi laini, inakaribia kuketi juu ya mpira huo ikiwa imeegeshwa tu.

Mpira wa kikomo ni springi pia, ila ugumu wake hupanda ghafla. Gari linapolala kwenye kona na gurudumu la mbele la nje likaufikia mpira, kona hiyo moja inakuwa ngumu mara kadhaa kuliko sekunde iliyotangulia, tairi linabebeshwa mzigo kupita uwezo wake, na pua inakataa kugeuka. Likitokea nyuma, mkia unatupa. Dereva atalaumu tairi, atalaumu stebilaiza, ataongeza kliki za shokapu, na tatizo litabaki palepale kwa sababu limo kwenye nafasi ya mwendo.

Ukitaka kujua kama gari lako lina ugonjwa huo, huhitaji kifaa cha gharama. Funga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye mhimili wa shokapu, isukume hadi iguse bomba, kisha kimbia mzunguko mmoja. Shokapu inapobanwa, bomba litaisukuma kamba na kuiacha ilipofika. Kama imekwama juu kabisa, imeuma kwenye mpira, umeshapata jibu. Kwenye NA, tiba moja inayojulikana ni kufunga maunti za juu za kizazi kilichofuata, NB, ambazo huongeza nafasi ya kubanwa. Seti nzuri ya koilova kwa gari hilo huwa na bomba fupi kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo, la kumuuliza muuzaji kabla ya lolote ni hili: kwa kimo unachonishauri, shokapu itabaki na milimita ngapi za kubanwa kabla ya mpira, na ngapi za kunyooka? Asiyeweza kujibu anakuuzia rangi.

Linafuata suala la springi, na hapa watu huigana namba bila kujua zinatoka gari gani. Wajapani huandika ugumu kwa kilo kwa milimita, Wamarekani kwa pauni kwa inchi; kilo 1 kwa milimita ni kama pauni 56 kwa inchi. Lakini namba iliyoandikwa kwenye springi siyo inayolifikia tairi. Kwenye MX-5 shokapu imekaa katikati ya mkono, si kwenye gurudumu, hivyo gurudumu likipanda milimita 10, springi inabanwa kama milimita 7. Uwiano huo wa 0.7 unazidishwa kwa wenyewe: springi ya kilo 10 inakuwa ya kilo 4.9 kwenye gurudumu. Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ, kwa upande wa mbele, zina shokapu ya MacPherson iliyosimama karibu kabisa na gurudumu; uwiano wake unakaribia 1. Springi ya kilo 10 pale mbele ni karibu maradufu ya ileile kwenye MX-5. Ndiyo maana swali la "unatumia kilo ngapi?" halina maana mpaka useme gari.

Njia salama ni kuhesabu mitikisiko kwa sekunde. Kona ya mbele ya MX-5 yetu inabeba takriban kilo 228 za bodi, ukitoa gurudumu na breki. Kwa kilo 4.9 kwenye gurudumu, bodi itatikisika mara 2.3 kwa sekunde. Gari la kawaida la familia hutikisika kati ya mara 1 na 1.5. Gari la autokrosi kwenye lami, lenye matairi ya barabarani ya alama ya uchakavu 200 ambayo ndiyo kiwango cha chini katika Street na Street Touring, huwa zuri kati ya 2 na 2.5. Chini ya hapo gari bado linalala wakati koni inayofuata imeshafika. Juu ya hapo, uwanja wenye viraka na maungio ya zege unalifanya lirukeruke, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Anayetumia gari hilohilo kwenda kazini akae karibu na 2 na asione haya.

Springi haipunguzi jumla ya uzito unaohama kwenye kona. Zile kilo 340 zitahama hata ukifunga vyuma visivyopinda. Springi na stebilaiza zinaamua mgawanyo kati ya mbele na nyuma, na kasi ya bodi kufika mahali pake. Ncha yenye ugumu mwingi zaidi ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya mzigo, na ndiyo huanza kuteleza. Pua ikikataa kugeuka, legeza mbele au kaza nyuma. Mkia ukitupa, fanya kinyume. Lifanye hilo kwa stebilaiza kwanza, maana ni rahisi kurudisha.

Na sasa shokapu yenyewe. Springi huhifadhi nguvu na kuirudisha. Shokapu huigeuza kuwa joto kwa kuilazimisha oili ipite kwenye matundu na sahani nyembamba za pistoni. Kinachoamua ukinzani wake ni kasi ya mhimili, si umbali wake. Bodi inapolala kwenye slalomu, mhimili hutembea polepole, kwa kawaida chini ya milimita 100 kwa sekunde. Gurudumu linapogonga ungio la zege, kasi hiyo inaruka hadi mara kadhaa. Shokapu bora ya autokrosi inakuwa na ukinzani mwingi kwenye mwendo wa polepole, ili bodi itulie mapema, halafu ukinzani huo unaongezeka kidogo tu kwenye mwendo wa kasi, valvu zikifunguka kulipisha gurudumu. Shokapu duni hufanya kinyume: imelegea pale dereva anapoihitaji na inakaza inapokutana na bonde. Dereva huiita ngumu na kuisifu, kumbe gari linaelea.

Ukiongeza ugumu wa springi maradufu, ukinzani unaohitajika unapanda kwa mara 1.4 hivi. Ndiyo sababu springi ngumu juu ya shokapu ya kiwandani ni ndoa mbaya: inabanwa sawa, lakini wakati wa kurudi hakuna wa kuizuia, na gari linadunda baada ya kila koni.

Kuhusu muundo, zipo za bomba mbili na za bomba moja. Ya bomba moja hutenganisha oili na gesi ya nitrojeni kwa pistoni inayoelea, hivyo oili haichanganyiki na gesi na kuwa povu, na joto hutoka moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Ni ubunifu wa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na Bilstein ndiyo iliyoupeleka kwenye uzalishaji mkubwa kwa ajili ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Hata hivyo, mzunguko wa dakika moja hauchemshi shokapu kama mbio za saa nzima, kwa hiyo ya bomba mbili yenye valvu zilizopangwa vizuri itaishinda ya bomba moja iliyopangwa ovyo. Omba mchoro wa mashine ya kupimia, wenye nguvu upande mmoja na kasi ya mhimili upande wa pili, kwa kila shokapu kati ya nne. Za kulia na kushoto zifanane. Na tazama kliki zinafanya nini: seti nyingi za bei ya chini hujivunia kliki 30 na ushei, ilhali badiliko lote limo kwenye chache za mwisho, tena kliki moja inasogeza kubanwa na kurudi kwa pamoja. Kliki 8 zenye hatua sawa, zinazogusa kurudi peke yake, zina thamani kubwa zaidi. Uliza pia kama shokapu inaweza kufunguliwa na kujengwa upya, na nani ataifanya kazi hiyo.

Kuna imani gerejini kwamba kukaza nati ya springi hulifanya gari liwe gumu. Springi iliyonyooka kitabia ya kilo 10 inahitaji kilo 10 kubanwa milimita moja, uwe umeikaza au la. Kukaza kunabadilisha kimo na nafasi ya kunyooka, basi. Ndiyo maana napenda koilova ambayo mguu wake wa chini nao una hesi: unashusha gari kwa kuufupisha mguu, na pistoni inabaki na mwendo wake wote.

Wenye 86 na BRZ wana jambo la ziada. Ukiishusha sana MacPherson, mkono wa chini unaanza kuelekea juu, kituo ambacho bodi hulalia kinashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito, na gari lililoshushwa linataka kulala zaidi. Nunua seti yenye maunti za juu zinazorekebisha mwinamo wa gurudumu. Kwangu mimi hizo ni za lazima. Kilo za springi zinaweza kusubiri.

Kwa msomaji wa Kenya, yote haya ni ya lami na zege. Mashindano ya kitaifa ya autokrosi ya huko, kuanzia watoto wa Pee Wee na Bambino hadi magari ya turbo yanayosukuma magurudumu manne, hukimbiwa kwenye murramu na vumbi, na huko unatafuta mwendo mrefu, springi laini na kimo cha juu.

Seti ikishafungwa, peleka gari kwenye mizani nne, moja chini ya kila gurudumu, dereva akiwa amekaa, tangi likiwa na mafuta ya siku ya mashindano, na viungo vya stebilaiza vikiwa vimefunguliwa upande mmoja. Kupandisha kiti cha springi cha kona moja kunaongeza uzito kwenye kona hiyo na ile iliyo mkabala nayo kwa mshazari. Zungusha kidogokidogo hadi mishazari yote miwili ibebe nusu kwa nusu, maana katika autokrosi kona za kulia na kushoto zina thamani sawa. Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, andika namba za kona zote nne, na utie alama ya rangi kwenye hesi. Stebilaiza ifungwe mwisho, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, na viungo virekebishwe urefu mpaka viingie bila kusukumwa.