Rangi Haikaushi Ukuta

"Nikipiga rangi mpya kabla ya kuuza, nyumba itapanda kwa shilingi ngapi?" Mwezi huu nimeulizwa swali hili na mstaafu, na mjane, na vijana wawili wanaogawana mirathi. Wote nimewajibu vilevile: mnakosea kuanzia kwenye swali. Mnunuzi hakulipi ulichotumia. Anapozunguka nyumba yako anatafuta cha kumtia shaka, na kila shaka anaigeuza kuwa fedha ya kukata kwenye bei. Basi jiulize hivi: ni shaka ipi ninayoweza kuiondoa kwa fedha pungufu ya ile itakayokatwa?

Sasa tuje kwenye hiyo rangi, maana ndiyo inayowaponza watu wengi. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina ukuta ambao futi mbili au tatu kutoka sakafuni umevimba, umebabuka na unatoa unga mweupe. Mwenye nyumba anaita fangasi. Dalali anamwambia apige rangi ya mafuta Ijumaa, mteja aje Jumapili. Muuza duka anamuuzia dawa ya fangasi. Fundi anashauri marumaru hadi kiunoni. Wote watatu wanakula fedha yake bure.

Ule unga mweupe ni chumvi. Tofali la saruji hunyonya maji kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta ya taa. Msingi ukijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu, maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta yakibeba chumvi ya udongo, pamoja na ile iliyoingia kwenye tofali tangu lilipofyatuliwa kwa mchanga wa pwani au maji ya kisima. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha chumvi nyuma. Chumvi huganda kuwa punje, punje hukua, na hizo ndizo zinazoisukuma rangi na kuimega plasta. Dawa ya kuua fangasi itaifanya nini chumvi?

Rangi ya mafuta ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu inaziba njia ambayo ukuta ulikuwa unakaukia. Maji hayarudi chini eti kwa kuwa umeyafungia mlango. Hupanda juu zaidi, au hutokea upande wa pili, chumbani ambako jana kulikuwa kukavu. Marumaru hufanya hivyohivyo kwa gharama kubwa zaidi, kisha huanza kubanduka moja moja.

Niliwahi kwenda Tabata kukagua nyumba pamoja na mnunuzi. Sebule ilikuwa bado inanukia rangi, kuta nyeupe hazina hata doa. Kochi kubwa lilikuwa limesukumwa hadi likagusa ukuta. Nilimwomba radhi mama mwenye nyumba, nikalisogeza, nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Rangi ilibonyea kama utandu wa maziwa, ikachanika, na kidole kikatoka kimelowa. Mama wa watu aliinamisha uso. Alikuwa amefuata ushauri tu. Mnunuzi hakuuliza ukuta ule utatengenezwa kwa shilingi ngapi. Aliangalia dari mpya ya jipsamu na kuuliza, "Na huko juu kumefichwa nini?" Hatukufika hata jikoni. Ukuta ule ungeachwa wazi, ungemgharimu mama punguzo la kazi ya fundi. Ulipofichwa, ulimkosesha mteja mzima.

Na jambo hili lina upande wa sheria. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kutenguliwa. Anayekushauri ufiche hatasimama nawe mahakamani.

Dawa ya ukuta wenye unyevu ni kutafuta maji yanakotoka: bomba linalovuja, maji ya paa yanayomwagikia kwenye msingi, udongo wa nje uliopanda kuliko sakafu. Zuia hayo, bandua plasta iliyooza, acha ukuta ukauke. Utachukua miezi, na masika yakiingia utachukua zaidi. Huna miezi hiyo? Uache ukuta uonekane, sema ukweli, na bei iseme hivyohivyo.

Yaliyobaki ni mepesi. Kama nyumba yako ni ile ya Kiswahili ya Kariakoo, korido katikati na vyumba huku na huku, usiiguse: mnunuzi anataka kiwanja, jengo atalivunja. Kwa nyumba nyingine, paa linalovuja, nyaya za umeme zilizo wazi na shimo la choo lililojaa, tengeneza. Jiko jipya na dari ya mapambo, acha, kila mtu ana mapendeleo yake. Fyeka majani, badilisha vitasa vibovu na taa zilizoungua. Ukuta ulio mkavu, upige rangi kwa amani.

Kabla ya yote hayo, maliza karatasi. Lipa kodi ya pango la ardhi unayodaiwa, pata idhini ya mwenza wako kwa maandishi, hakikisha jina lililo kwenye hati ni la anayeuza. Kama ni la marehemu, anza na mirathi. Hapo hakuna rangi itakayosaidia. Na kila unachotengeneza, dai risiti: kwa kawaida mkazi hulipa asilimia 10 ya faida ya mauzo, na gharama za kuboresha jengo huipunguza faida hiyo iwapo tu una ushahidi wake.

Leo jioni, kabla hujampigia simu fundi rangi, sogeza kochi lako ubonyeze ukuta. Kidole kikilowa, wa kumwita kwanza ni fundi bomba.