Sifa za Kampuni, Nani Amezipima?

Siku hizi kampuni kubwa haziridhiki kutangaza hesabu za fedha peke yake. Hutoa pia taarifa za uendelevu: hewa chafu zilizoitoa, maji zilizoyatumia, wafanyakazi walioumia kazini. Mnunuzi wa hisa husoma, naye akapeleka fedha zake.

Itazamwe Volkswagen ya Ujerumani. Mwanzoni mwa Septemba 2015 kampuni hiyo ilitajwa katika orodha mashuhuri ya Dow Jones kuwa ya mbele kwa uendelevu miongoni mwa watengenezaji wa magari. Tarehe 18 ya mwezi huo huo, idara ya Marekani ya kuhifadhi mazingira ikatangaza kwamba magari yake ya dizeli yalitiwa programu yenye kutambua kipimo cha maabara. Humo yakatoa hewa chafu kidogo, na barabarani nyingi mno. Magari yenye programu hiyo yalifikia kiasi cha milioni 11 duniani. Katika siku mbili za soko zilizofuata, hisa zilipoteza karibu theluthi ya thamani yake. Na walioanza kuliibua jambo hilo, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, hawakutumia uganga wowote: walifunga vyombo vya kupimia ndani ya magari, wakayaendesha barabarani.

Hiyo ndiyo ingepasa kuwa kazi ya mhakiki wa nje. Kwa bahati mbaya, uhakiki mwingi ni wa kiwango cha chini. Mhakiki huuliza maswali, hulinganisha takwimu, kisha huandika kwamba hakuona jambo la kumfanya aamini kuwa pana kosa kubwa. Kauli hiyo si sawa na kusema kwamba takwimu ni sahihi. Kwa hilo hana budi kuchimba zaidi. Naye hulipwa na yule yule anayemhakiki!

Novemba 2024 ilichapishwa kanuni ya kimataifa ya uhakiki huo, ISSA 5000, kwa vipindi vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2026 na kuendelea. Lakini kanuni haimlazimishi mtu mpaka sheria ya nchi iseme.

Sisi wa visiwani, ambao fukwe zetu hutamaniwa na wawekezaji, tuna haki ya kuuliza. Afisa anayeletewa kitabu chenye picha za kasa na mikoko na aanzie kurasa za mwisho, ambako barua ya mhakiki huwekwa aghalabu. Atazame ni uhakiki wa kiwango gani, na ni takwimu zipi zilizohakikiwa. Mara nyingi ni chache.