Namna ya Kutafuta Habari za Kikosi cha Vita

Mtu akitaka kuandika historia ya kikosi cha askari, inafaa aulize kwanza: Ni nani aliyeandika habari hizi, na kwa kusudi gani? Tuchukue mfano mmoja, ule wa Kikosi cha Tano cha Wapanda-farasi wa Massachusetts, kule Marekani. Kilikuwa kikosi cha watu weusi waliojitolea. Kilianzishwa mwaka wa 1864, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Wengine kati yao walikuwa wamezaliwa watumwa.

Chemchemi ya kwanza ni maandiko ya wakubwa wa vita. Serikali iliyachapa katika mabuku 128, tangu 1880 mpaka 1901. Maandiko ya namna hiyo yanatusaidia kujua siku na pahali. Tarehe 15 ya mwezi wa sita 1864 kikosi kilipigana karibu na Petersburg, kwa miguu, bila farasi. Tarehe 3 ya mwezi wa nne 1865 kiliingia mji wa Richmond. Lakini moyo wa askari mdogo hatuusomi humo.

Chemchemi ya pili ni barua. Kolonele Charles Francis Adams, aliyekiongoza kikosi kule Richmond, aliwaandikia jamaa zake barua nyingi, nazo zilichapwa mwaka wa 1920. Tuzisome, lakini kwa akili: mara nyingi mzungu huyo aliwahesabu askari wake kuwa watu wa chini. Kwa hiyo tuweke kando yake barua ambazo askari weusi wa vita ile walipeleka katika magazeti ya watu wao, kama Christian Recorder la Philadelphia. Shahidi mmoja hatoshi.

Chemchemi ya tatu inakaa Washington, katika nyumba ya kulinda maandiko ya serikali. Humo kila askari ana karatasi zake: umri, pahali alipozaliwa, kazi, ugonjwa, kufa. Humo pia kuna maombi ya wajane waliotafuta malipo ya serikali. Mjane aliyekuwa mtumwa angeonyesha cheti gani, na sheria ya mabwana haikukubali ndoa ya watumwa? Basi, sheria ya mwaka 1864 ilipokea ushuhuda wa watu waliowaona wakikaa pamoja kama mume na mke. Wajane wengi hawakujua kuandika, wakatia alama ya msalaba tu. Ni kweli, karani ndiye aliyeandika, na mjane alikuwa na haja ya feza. Hata hivi, tusimdharau. Tulinganishe maneno yake na ya mashahidi wengine. Bila karatasi hizo, sauti yake ingalipotea kabisa.

Ndugu wapenzi, sisi nasi tunashika kalamu kila juma. Padri au katekista anayeandika ovyo jina la mama katika buku la ubatizo, anamfungia mlango mtu atakayemtafuta bibi yake baada ya miaka mia.