Mkimbiaji wa Mwisho Naye Ni Mkimbiaji

Huku kwetu Iten, ukijiita mkimbiaji utaulizwa papo hapo, "Umekimbia wapi?" Aulizaye anangoja kusikia Boston au Berlin. Tangu Kipchoge Keino aliposhinda dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico City mwaka 1968, mbio kwetu zimegeuka kazi. Zimenunua mashamba na kusomesha watoto. Asiye na medali hujiita mkulima, yakaisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Daktari aliponipima akaona shinikizo la damu limepanda, aliniagiza nifanye mazoezi. Basi nikawa nakimbia saa kumi na moja alfajiri, gizani, kwa sababu ya haya. Nikisikia vishindo vya vijana nyuma yangu, naanza kutembea kama mtu aendaye kukama ng'ombe.

Alhamisi moja nilichelewa. Siku hiyo wakimbiaji hukusanyika saa tatu asubuhi kwa mazoezi ya kubadilisha mwendo: dakika moja kasi, dakika moja polepole, mlima na mteremko. Nasi tuko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako pumzi ni haba hata kwa mwenyeji. Nilipowaona wakija, zaidi ya 100, vumbi jekundu likitimka, nikasimama kando ya barabara.

Kijana mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, mbona unatupisha kana kwamba sisi ni magari? Twende!"

Nikawafuata. Kona ya kwanza tu, hawaonekani. Hata nilipofika mwisho, nikihema, niliwakuta kikundi kizima wameketi nyasini. Walikuwa wakinisubiri. Hakuna aliyeniuliza nimekimbia wapi. Waliniuliza kama nitakuja Alhamisi ijayo.

Nikaenda, na nyingine tena, daima wa mwisho. Kisha homa ikanilaza majuma mawili. Asubuhi moja nikasikia hodi mlangoni.

"Mama, shikamoo. Tumekuja kumwona mkimbiaji mwenzetu. Hajaonekana."

"Marahaba, wanangu," mke wangu akajibu kwa mshangao. "Lakini mmekosea nyumba. Hapa hakuna mkimbiaji, yuko mwalimu tu."

Wahenga walisema kwenda mbio si kufika. Kweli, mimi sijafika popote. Lakini asubuhi ile niliinuka kitandani, nikaita kwa sauti yote niliyokuwa nayo:

"Mama watoto, wafungulie. Ni mimi wanayemtafuta."