Sikio la Msikilizaji na Mpumuo katika Kimvita

Mtu wa Mombasa atajapo paa la nyumba, kisha paa wa mwituni, hatamki neno moja mara mbili. Katika neno la pili, midomo iachanapo, pumzi hutoka kwa nguvu kabla irabu haijaanza. Katika la kwanza irabu hufuata karibu papo hapo. Muda huo ni sehemu ndogo mno ya sekunde, nao ndio utengao kaa la moto na kaa wa pwani, tembo la mnazi na tembo mwenye pembe.

Mgeni kutoka bara aghalabu haisikii tofauti hii, wala sikio lake si bovu. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wachanga wa Kanada, waliolelewa katika Kiingereza, hubainisha sauti za Kihindi wakiwa na miezi sita hivi; wakaribiapo mwaka mmoja, uwezo huo huwa umefifia. Sikio hujifunza kupuuza lisiyoyahitaji nyumbani.

Upatanisho wa kisarufi humwokoa mgeni huyo: paa limevuja, paa amekimbia. Katika imla, neno likitajwa pekee, hana msaada. Walakini mwalimu amwambiaye mtoto wa Mombasa kuwa maneno haya hutamkwa sawa, amsahihisha asiyekosa. Ritifaa itumiwayo na baadhi ya wataalamu, yaani p'aa kwa mnyama, ingefaa katika kamusi za shule.