Anayepanga Siku ni Ovari

Wasichana wengi hufundishwa hesabu moja tu kuhusu miili yao: mzunguko ni siku 28, yai hutoka siku ya 14, na siku zilizo jirani na hiyo ndizo za hatari. Msichana akishika mimba asiyoitarajia, huambiwa alihesabu vibaya. Lawama hiyo si ya haki, kwani ukizifuata homoni zenyewe utaona kwamba siku hupangwa na ovari, tena hupangwa upya kila mzunguko.

Ni kweli habari huanzia ubongoni. Huko haipothalamasi hutoa homoni yake kwa mapigo, kila baada ya saa moja hivi au moja na nusu kabla yai halijatoka, na tezi ya pituitari huitikia kwa kumwaga homoni za FSH na LH. Basi si ubongo ndio mkuu? Ernst Knobil na wenzake, huko Pittsburgh, Marekani, walilipima hilo kwa kima na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Waliharibu sehemu ya ubongo inayotoa mapigo hayo, kisha wakawatia kima homoni ileile kwa pampu, pigo moja kila saa, bila kubadilisha mwendo. Mayai yakapevuka na kutoka kwa wakati wake. Ngoma ilipigwa vilevile mwanzo hadi mwisho. Aliyebadilisha hatua ni ovari.

Hatua zenyewe ni hizi. FSH hukuza vijifuko kadhaa vyenye mayai ndani ya ovari, kimoja kikavitangulia vingine na kumwaga homoni ya estrojeni. Mwanzoni estrojeni huizuia pituitari, FSH hupungua, na vijifuko vilivyobaki nyuma hunyauka. Lakini estrojeni ikipanda sana na kukaa juu kwa siku mbili hivi, mambo hugeuka: pituitari ileile iliyokuwa imezuiwa hufurika LH, na yai hutoka takribani saa 36 tangu LH ianze kupanda. Kwa hiyo kijifuko hutangaza siku kwa kukomaa kwake. Njaa, ugonjwa au mawazo mazito yakipunguza mapigo ya ubongo, kijifuko huchelewa, na siku nayo husogea. Yai likishatoka, ganda lililobaki hugeuka tezi ya manjano yenye kutoa homoni ya projesteroni. Mimba isipotungwa, tezi hiyo hufa baada ya wiki mbili hivi, na ukuta wa mji wa mimba, uliokuwa ukitegemea projesteroni, hubomoka. Hapo ndipo hedhi huja.

Atakayesema basi turudi nyuma siku 14 kutoka hedhi, ana hoja, kwa kuwa nusu ya pili hubadilika kidogo kuliko ya kwanza. Tatizo ni kwamba hedhi hiyo lazima iwe imeshafika, na siku anayoitafuta imeshapita. Hata wale ambao mizunguko yao haiyumbi hawana uhakika. Utafiti wa Wilcox na wenzake, uliochapishwa Uingereza mwaka 2000, ulikuta ni kama asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote za rutuba ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17. Ongeza kwamba mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku tano zikilisubiri yai.

Lakini mwili wenyewe hutoa dalili za siku hizo. Estrojeni ikipanda, ute wa ukeni huwa mwepesi, unang'aa, na ukiushika kati ya vidole viwili huvutika kama ute wa yai bichi. Projesteroni ikishika zamu, ute huohuo huwa mzito, hukatika upesi, au hukauka kabisa.